Mawakili Wanne na Kiti cha Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa la watu wengi ni kumtafuta wakili baada ya mambo kuharibika. Wanangoja mpaka mke amefungasha, au mpaka mguu umeshavunjika, ndipo wanakimbilia ofisini wakihema, shati nje, nusu ya habari wameshaisahau. Mwenye akili hufika kwa wakili kabla ya adui yake. Hili niliwafundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, ingawa mtaala ulinitaka nifundishe jiografia.

Nina hasira. Niandike kwa utaratibu, maana hasira bila utaratibu ni kelele tu.

Jana tulikwenda kula mchana kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi majokofu. Sebuleni kwake taa ilikuwa inachezacheza. Taa ikichezacheza, sababu ni moja kati ya tatu. Nikamweleza zote. Akasema anajua, shemeji, ataitazama kesho, wewe kula. Nani anaweza kula chini ya taa inayochezacheza? Nikapanda kwenye kiti cha plastiki. Shemeji akasema kiti hicho kina ufa. Akasema ngazi iko uani. Akasema swichi nayo haijazimwa. Yote hayo aliyasema huku anatafuna! Onyo linalotolewa mdomo umejaa si onyo kisheria.

Mke wangu akaja kunishikia kiti. Kiti kikapasuka. Nikaanguka. Kwanza juu ya mke wangu, kisha sakafuni, na ni sakafu ndiyo iliyoniumiza mfupa wa makalio.

Wakacheka! Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Wanawe wakacheka. Mke wangu naye alitoa sauti fulani, ambayo kwa uzoefu wangu naihesabu kuwa kicheko. Shemeji akapangusa machozi akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe shemeji umechagua mahali pengine." La mkuu! Mimi namzidi umri! Mkuu ni nani hapo?

Nitamshtaki. Fidia ya kuumia mwili, na fidia nyingine ya kuumia heshima.

Asubuhi hii nilimweleza mke wangu tofauti kati ya kesi ya madai na kesi ya jinai, polepole, kwa mifano, huku yeye akihangaika kuipua sufuria kwa mkono wa kushoto. Ameanza vituko. Mkono wa kulia ameuzungushia kitambaa, na kila kitu anakishika kwa wa kushoto, ili nione amenuna. Nikamwambia kununa hakubadilishi sheria.

Akasema nikimpeleka kaka yake mahakamani, yeye hakai nyumba hii. Akasema na yeye ana miguu ya kumfikisha kwa wakili.

Kwa wakili! Mke akimtaja wakili, maana yake ni talaka. Miaka yote hii, watoto tumekuza, wajukuu tumepata, halafu talaka, tena kwa ajili ya kiti ambacho hata si chetu!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa.

Nieleze, maana ni kanuni nzuri na wachache wanaijua. Wakili akishasikia siri za mtu, hawezi tena kumtetea adui wa mtu huyo. Wenyewe wanaita mgongano wa maslahi. Sasa basi. Mji wetu una mawakili wanne tu. Wote wanne wakisikia siri zangu kwanza, mke wangu atabisha milango yote na yote itamjibu samahani mama. Bila wakili hakuna talaka. Bila talaka tunabaki mume na mke. Wajinga wataiita hila. Mimi naiita kuilinda ndoa.

Nikaanza na wakili wa kwanza, mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa akikaa dawati la mbele na kuuliza maswali kupita kiasi. Kwenda kwake ilibidi nichukue boya. Daktari alinipima jana, akasema hakuna kilichovunjika, nikalie kitu chenye tundu katikati. Nyumbani kitu cha namna hiyo ni kimoja, boya la kuogelea la mjukuu, lenye picha za bata wa manjano. Nimekatiza mji mzima na bata kwapani. Mtu mmoja kituo cha basi aliniuliza kama bahari imehamia huku. Hasira!

Binti alinipokea vizuri. Shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, kaa Mwalimu. Nikapuliza boya, nikakaa, nikamweleza yote tangu taa. Akauliza nani mwingine aliumia. Nikasema hakuna, ila kiti. Akauliza mama alikuwa wapi kiti kilipopasuka. Nikasema chini yangu. Akaweka kalamu mezani. Akauliza, "Na yeye anaendeleaje?" Nikamwambia amenuna.

Akasema kesi ya kiti haina miguu. Umeonywa, umeonyeshwa ngazi, ukapanda. Hakimu atanihurumia, lakini huruma si hukumu. Kuhusu talaka akauliza kama mama ametamka neno lenyewe. Nikasema hajalitamka, ila mimi ni msomi, nasikia na yasiyotamkwa. Akasema mahakama haianzi na kuvunja ndoa. Kwanza itauliza kama wahusika wamekaa wakazungumza, wamejaribu usuluhishi. Akasema Mwalimu, rudi nyumbani, mtazame mama, muulize hali.

Nimuulize hali! Hali yake naiona! Nikamkumbusha binti huyo alivyoshindwa swali la mito.

Hata hivyo amesikia. Mlango mmoja umefungwa.

Jumatano, 6 Agosti

Milango miwili kwa siku moja! Na wanasema wastaafu hatuna nguvu.

Wakili wa pili yuko ghorofani. Ngazi nilizipanda ubavuubavu kama kaa. Kijana wa tai, macho kwenye simu, kila nikimaliza sentensi anasema endelea mzee, endelea. Nikaendelea. Nilipofika kwenye historia ya plastiki akainua kichwa akauliza kama nyumba ya shemeji ina bima. Nikasema haina. Akasimama, akanipa mkono, akanifungulia mlango. Sijawahi kuona adabu ya haraka namna ile. Lakini amesikia!

Wakili wa tatu anasifika kwa kesi za ajali. Ukutani kabandika picha za magari yaliyopondeka. Kabla sijakaa akauliza gari gani lilinigonga.

Nikasema hakuna gari. Ni kiti.

Akasema, "Kiti cha mbele au cha nyuma?"

Nikasema kiti cha plastiki, sebuleni.

Akafikiri. Akauliza, "Kilikuwa kwenye mwendo?"

Hawa ndio tunawapa majoho! Nikamwambia nyumba haina mwendo, bwana mkubwa. Akasema basi hilo liko nje ya fani yake, ila nikigongwa wakati wa kurudi nisisite. Akanipa kadi yake.

Nyumbani mke wangu hazungumzi. Neno moja tu, aliniomba nimfungulie kifuniko cha chupa ya mafuta. Nikamweleza jinsi ya kukifungua mwenyewe. Unakizungushia mpira mwembamba, unapata mshiko, ni msuguano tu, hakuna uchawi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua chupa, akatoka nayo, akaenda kufunguliwa na jirani. Jirani! Mwanamume asiyejua hata msuguano ni nini! Na alirudi anatabasamu.

Nikazidi kuamini. Mwanamke anayemtabasamia jirani na kumnunia mumewe ana wakili njiani. Kesho mapema nakwenda kwa wa nne.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Ya kuandikwa kwa wino mwekundu.

Wakili wa nne hayupo, yuko mahakamani mchana kutwa. Karani wake akasema nije kesho. Nikamwambia hii ni dharura. Akaniuliza dharura gani. Nikaanza kumweleza. Akasema kesho, mzee wangu, kesho.

Narudi nyumbani, mke hayupo! Jiko limepoa. Jirani, yule wa chupa, akaniambia mama amekwenda hospitali kuonyesha mkono. Eti mkono! Mtu akitaka kwenda kwa wakili bila mumewe kujua, atasema anakwenda wapi? Hospitali. Hata mimi ningesema hivyo.

Jioni akarudi na gari la kaka yake. Mkono ameuficha ndani ya mtandio. Akapita moja kwa moja chumbani, akaanza kufungasha kwa mkono mmoja. Nikasimama mlangoni nikamweleza maana ya kutelekeza ndoa, na madhara yake, na kwamba anayeondoka ndiye anayejiharibia. Akasema haondoki, anakwenda kupumzika. Akasema hapa hapapumziki mtu. Akasema nikifuta habari ya mahakama atarudi hata kesho.

Nikamwambia haki haifutwi kama ubao.

Shemeji akatokea nyuma yangu kubeba begi. Akasema, "Shemeji, mtu hapiti, umeziba njia na bata zako." Ndani ya nyumba yangu! Ndipo nikagundua bado nimeshika boya. Hakucheka kwa sauti, lakini mabega yake yalicheka. Nimeyaona mabega.

Wameondoka. Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu, kwa hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Andiko hili litakuwa refu. Anayetaka kujua kwa nini dunia haina haki asome hapa.

Ofisi ya wakili wa nne iko chini, ubavuni mwa duka la kutoa nakala, na dirisha lake linatazama barabara. Ni mwanamke mtu mzima, mwembamba, anasifiwa kwamba hapandishi sauti hata mahakamani. Nilifika mapema. Mlangoni kulikuwa na jozi mbili za viatu. Ndala za mke wangu, zile nilizozishona kamba mwenyewe. Na viatu vya shemeji, vikubwa kama masanduku.

Ametangulia! Nimezunguka mji mzima nimefunga milango mitatu, umebaki mmoja, naye kaingia kwenye huo huo!

Karani akasema ningoje, kuna wateja ndani. Nikauliza wameingia zamani? Akasema ndiyo kwanza wanakaa. Nikafikiri haraka, kama nilivyofundishwa. Wakili hajasikia lolote bado. Atakayesikika kwanza ndiye mteja. Na dirisha lilikuwa wazi.

Nikatoka, nikasimama chini ya dirisha, nikapaza ile sauti niliyokuwa nikiitumia paredi ya asubuhi. Nikasema mimi ni mteja mtarajiwa na hizi ni siri zangu. Siri ya kwanza, nakusudia kumshtaki shemeji. Siri ya pili, nimewatembelea mawakili watatu wa mji huu ili mke wangu asipate wa kumtetea. Siri ya tatu, ni kweli shemeji alisema kiti kina ufa, na ni kweli alitaja ngazi, lakini alisema kwa dharau na mdomoni mna chakula!

Msukuma mkokoteni akaegesha. Mashine ya nakala ikanyamaza. Mwanamke mmoja akatua ndoo yake. Watu wakajaa. Kutoka nyuma mtu akapiga kelele, "Babu, rudia ya pili, huku haikufika!" Nikairudia. Mwalimu mzuri harudii kwa kinyongo. Nikaongeza na siri ya nne, kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa amekishika kiti na mimi nikamwangukia, kwa hiyo kama ni ushahidi, yeye alikuwa karibu kuliko wote.

Wakili akaja dirishani. Akazungumza chini mpaka umati mzima ukanyamaza ili usikie. Akasema shikamoo mzee. Akasema siri ya mteja ni ile anayomnong'oneza wakili wake, si ile anayoijua msukuma mkokoteni. Msukuma mkokoteni akaitikia kwamba ni kweli, yeye ameielewa yote. Wakili akasema kwa hiyo yeye hakuna alichofungwa nacho. Bali mimi, mbele ya mashahidi wasiopungua barabara nzima, nimekubali kwamba nilionywa, nikapuuza, nikamwangukia mtu.

Nikamuuliza mtu gani.

Akasogea pembeni. Mke wangu alikuwa nyuma yake. Mkono wa kulia una plasta nyeupe, kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

Wakili akasema, kwa sauti ile ile, kwamba katika kisa chote hiki mwenye haki ya kudai fidia ya kuumia ni mmoja, ni mama. Na wa kudaiwa ni mmoja pia. Akanitazama. Umati nao ukanitazama. Mwenye ndoo akasema, "Haa! Kumbe kesi ni yake!"

Mimi mdaiwa! Mimi, niliyeamka kila siku wiki hii kuitafuta haki!

Na mke wangu hakuja kwa ajili ya talaka. Wakili ndiye aliyesema. Alikuja kumwomba atuite sote watatu tukae chini yamalizwe. Shemeji alikuwa amekubali kuniomba radhi kwa kucheka. Radhi yangu ilikuwa mle ndani, mezani, tayari!

Sasa shemeji alikuwa amekaa sakafuni anacheka, hawezi hata kusimama.

Mke wangu hakucheka. Akaja mpaka dirishani akasema, "Umezunguka mji mzima unanifungia milango mimi?" Nikamwambia nilikuwa nailinda ndoa. Akasema, "Mkono umevunjika tangu Jumapili. Wiki nzima hujaniuliza." Nikamuuliza, nikuulize nini?

Umati mzima ukatoa sauti moja. Sijui kwa nini. Akafunga dirisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mtaani wananiita Siri ya Pili. Hata muuza mkate.

Nimekwenda tena kwa mwanafunzi wangu. Nimempa nafasi ya kujirekebisha. Nikamuuliza kama mke anaweza kweli kumdai mumewe fidia. Akasema sheria ina njia zake, lakini mama hadai, hataki kesi, wakili mwenzake ameshamhakikishia hilo. Akasema mama yuko kwa kaka yake na begi halijafunguliwa. Begi lisilofunguliwa, Mwalimu, ni la mtu anayetaka kurudi.

Nikasema basi arudi.

Akasema kuna swali moja analolingoja. Akaniandikia? Hapana, akanisomesha, kama mtoto wa darasa la kwanza! Nifike, nisimame, niseme pole, kisha niulize, "Mkono unaendeleaje?" Kisha ninyamaze.

Nikamuuliza ninyamaze kwa muda gani. Akasema mpaka ajibu.

Nikamweleza hatari iliyopo. Kusema pole ni kukubali kosa. Kuuliza habari za mkono ni kukubali kwamba mkono umeumia. Kunyamaza ni kukubali vyote viwili. Mtu makini hatoi ushahidi dhidi yake mwenyewe, tena bure! Akashika kichwa. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa ukituambia tujibu swali lililoulizwa, si lile tunalolijua." Nikamwambia ndiyo, na yeye hakuwahi kunielewa.

Tukafanya mazoezi. Yeye akawa mke wangu, mimi nikawa mimi. Mara ya kwanza nilieleza. Mara ya pili nilieleza kwa kifupi. Mara ya tatu nikasema, pole, mkono unaendeleaje, nikanyamaza. Binti akapiga makofi. Kumpigia makofi mtu wa umri wangu kwa maneno matatu! Nilitoka bila kuaga.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikwenda. Isisemwe sikwenda.

Nilivaa shati lililopigwa pasi, nimelipiga mwenyewe, mstari mmoja wa kola umeungua kidogo. Boya nililiacha. Njia nzima nilikuwa nikiyarudia yale maneno. Pole. Mkono unaendeleaje. Niliyajua vizuri kabisa.

Shemeji alifungua mlango. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Akasema karibu shemeji, mwenyewe anakungoja. Akajitenga, akaenda kusimama karibu na ukuta.

Mke wangu alikuwa ameshasimama. Begi liko mguuni, limefungwa. Plasta imejaa majina, wajukuu wameandika, watoto wa shemeji wameandika, hata yule wakili wa nne ameandika jina lake kwa herufi ndogo. Nikatafuta nafasi iliyobaki. Ilikuwapo moja, kubwa, juu ya kiganja. Hakuna aliyeigusa.

Nikasema pole.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Akashika mpini wa begi kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Haya. Uliza." Alisema kwa upole, kama zamani tulipokuwa tunaanza maisha na hatuna kitu.

Nami nikafungua mdomo. Lakini mtu hawezi kuzima akili kama taa. Usiku kucha nilikuwa nimewaza juu ya utetezi wangu, na kuna jambo moja lilikuwa halijawekwa wazi, na bila jambo hilo hakuna anayeweza kusema kosa ni la nani kwa kiasi gani. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema niulize!

Nikauliza, "Kile kiti, ulikuwa umekishika kwa mkono mmoja au miwili?"

Akanitazama. Kisha akaachia mpini wa begi. Begi likakaa chini lenyewe.

Nikafafanua. Nikasema kama ni mkono mmoja, basi kuna uzembe wa kuchangiana, yaani aliyeumia naye alichangia, na fidia hupunguzwa. Nikasema simlaumu, naweka tu kumbukumbu sawa. Akageuka, akaingia ndani. Alitembea polepole na plasta yake kifuani, kama aliyebeba mtoto mchanga.

Shemeji hakucheka. Nilimngoja acheke. Nilikuwa na jibu tayari. Akachukua begi akalirudisha ndani, akarudi akasema, kwa huruma, "Nenda kapumzike, shemeji."

Huruma! Kutoka kwa mtu huyu! Kicheko chake ningekivumilia. Nimerudi kwa miguu, nimekasirika hata salamu za watu sikuitikia.

Jumatatu, 11 Agosti

Alfajiri. Nimeamka na akili safi.

Kwanza, hakujibu swali langu. Kisheria, asiyejibu amekubali. Ulikuwa mkono mmoja. Kwa hiyo jana nilishinda, ingawa kwa mtu asiyejua taratibu haikuonekana hivyo.

Pili, shemeji alipita jana jioni akaniachia ujumbe mlangoni, hata chai hakukubali. Amesema dada yake anatakiwa kliniki ya mifupa, mji wa pili, kwa kuwa mfupa haujakaa sawa na huenda wakauvunja upya ili waupange. Anasafiri leo kwa basi la saa mbili. Anaogopa. Amesema niambiwe kwamba amelipia nafasi mbili, na ya dirishani ni yangu, nikipenda. Akasema dada yake amesisitiza neno hilo, nikipenda. Kisha shemeji akaenda zake.

Nimelifikiria hili usiku mzima. Wanadhani mimi mtoto! Kliniki ya mifupa! Mtu havuki mji mzima kwa ajili ya mfupa mmoja. Mji wa pili una nini ambacho huku hakipo? Mawakili! Mawakili wasionijua, wasiosikia hata siri moja! Na mimi niketi dirishani karibu naye, nimeshika begi lake, nampepea, nikimsindikiza kwenda kunishtaki! Kama ni kweli anaogopa mfupa, kwa nini hakusema mwenyewe? Kwa nini anatuma fundi majokofu?

Kosa la watu wengi ni kukata tamaa baada ya kushindwa mara moja. Hila haikuwa mbaya. Ilichelewa tu kwenye mlango wa nne. Mji wa pili mawakili ni wengi zaidi, lakini siku ni ndefu na nimeshaizoea hotuba. Na lipo basi la saa kumi na mbili.

Basi nijiambie waziwazi, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi siku ya mtihani. La kufanya leo ni moja tu. Panda basi la kwanza, usimngoje.